Matangi Matatu: Tuliyojifunza Kwenye Gari la Wageni



 Leo tunataka kuwasimulia habari za gari. Wanafunzi wetu wa darasa la fiqhi wanazijua tayari, maana kwa siku nne somo la tahara tulilisomesha tukiwa tumesimama kando ya magurudumu yake.

Katika likizo ya Desemba iliyopita tulipata wageni kutoka Mombasa, ndugu yetu mmoja na mkewe na watoto wao watatu. Waliamua kuizuru Uganda kwa gari lenye nyumba ndani yake: vitanda, jiko la gesi, choo na mahali pa kuogea. Walipita Busia, Kampala na Mbarara, wakateremka milima ya Bushenyi, wakavuka daraja la Katunguru na mstari wa ikweta, mpaka Kasese mjini. Huko sisi walimu wawili tulikwenda kuwapokea ili tuwalete kwetu Bwera, mwendo wa yapata kilomita 50. Watoto wa mtaani walilizunguka gari wakingojea lipige muziki, wakidhani ni la matangazo ya soda.

Tulidhani tutaonyeshwa vitanda kwanza. Mwenyeji wa gari akatuinamisha chini, akatuambia, "Maalim, ukitaka kuijua nyumba hii anza na maji yake." Chini ya gari kuna matangi matatu. La kwanza ni la maji safi, lita 100. La pili hupokea maji yaliyokwisha tumika, ya kuogea na ya kuoshea vyombo. La tatu ni la choo. Kila tangi lina njia yake na koki yake, na ukutani ndani ya gari kuna taa ndogo zinazoonyesha kila moja limejaa kiasi gani. Pampu ndogo inayotumia betri ndiyo inayosukuma maji mpaka bombani, kwa hiyo betri ikifa huna maji hata kama tangi limejaa.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi likijaa, gari limebeba kilo 100 zaidi, na katika milima ya Bushenyi injini inaziona. Ndugu yetu alipanda na maji ya nusu tangi, akajaza Kasese kwenye nyumba ya wageni. Mpira wa kujazia maji safi ni mweupe, hutunzwa ndani ya mfuko wake, wala haugusani kabisa na ule mpana wa kumwagia maji machafu. Kila baada ya muda tangi huoshwa kwa maji yenye klorini kidogo, yakaachwa humo kwa saa kadhaa, kisha likasuuzwa mpaka harufu iishe.

Anayeshika hesabu ya maji ni mama wa nyumba. Kila mtoto ana kopo lake la kutawadhia, na likiisha limeisha. Mtume (S.A.W) amepokewa kuwa alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vilivyounganishwa, ambao kwa vipimo vya leo haufiki lita moja. Tukapiga hesabu pale pale: watu watano, sala tano, mudi moja kila udhu, lita zake hazifiki 20 kwa siku. Tulipofika Bwera tukaweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba letu na kumwita kijana mmoja atawadhe kama kawaida yake. Alipofika kwenye miguu ndoo ilikuwa inakaribia kujaa. Wenzake walicheka, kisha wakaanza kupimana wao kwa wao, na alasiri ile tulichelewa kuanza darasa.

Ndipo mwanafunzi mmoja akauliza swali zuri: mjusi akifia ndani ya tangi la gari, na la madrasa je? Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wanatazama kwanza kama maji yamefika kulla mbili. Wanazuoni wa sasa wanakadiria kulla mbili kwa viwango vinavyotofautiana, wapo wanaosema lita 190 hivi, wengine 216, wengine mpaka 270. Tangi la gari la lita 100 halifiki hata kwa kiwango cha chini, basi najisi ikiingia maji yote yamenajisika, ijapokuwa rangi, ladha na harufu havikubadilika. Tangi letu la lita 5,000 hukumu yake ni nyingine, halinajisiki mpaka mojawapo ya sifa hizo tatu ibadilike. Ila tuliwaambia vijana wasichanganye mambo mawili. Maji yanaweza kuwa tahiri kwa udhu na bado yakamwumiza mtu tumbo, kwa hiyo ya kunywa tunachemsha.

Maji ya tangi la pili, yale ya udhu na kuoga, ni mustaamal: ni safi, lakini hayatawadhiwi tena. Kuyamwagia mgomba hakuna ubaya wowote. Tangi la tatu ndilo lenye adabu nyingi. Kabla ya kulitumia unatia maji kidogo chini yake. Koki yake hukaa imefungwa mpaka tangi lijae kiasi cha kutosha, kwani ukiiacha wazi maji hutangulia kutoka na uchafu mzito hubaki ukajikusanya na kukauka. Wakati wa kumwaga unavaa glovu, unafungua kwanza koki ya choo, kisha ya maji ya kuogea, ili haya ya pili yausuuze mpira. Sisi tunaostanji kwa maji tangi hilo hujaa upesi kuliko la wanaotumia karatasi, ila kuziba huziba kwa nadra.

Siku ya tatu taa ya choo ikawaka. Mzee mmoja wa kamati, mtu mwema tunayemheshimu sana, akasema gari lisogezwe usiku mpaka ukingoni, limwage bondeni, mvua itasafisha. Kule bondeni ipo chemchemi wanakochota maji majirani zetu, Waislamu na wasio Waislamu. Mgeni alikaa kimya kwa sababu ya ugeni wake, akitutazama sisi. Tukamjibu mzee kwa upole kwamba Mtume (S.A.W) amekataza haja kwenye mapitio ya maji, njiani na kivulini, na kwamba giza la usiku halibadilishi hukumu. Mzee akasema, "Basi mwalimu, mtayapeleka wapi?" Swali lake lilikuwa la haki. Dawa ya tangi ile huua vijidudu vinavyoozesha uchafu, na choo chetu cha shimo ni kifupi. Asubuhi tukapanda gari kurudi Kasese, ambako mwenye nyumba ya wageni alituruhusu kumwaga kidogo kidogo kwenye shimo lake kubwa la maji taka.

Njiani tulizungumza zaidi ya tulivyozungumza siku zote tatu. Sisi watu wa wilaya hii hatuhitaji kuhubiriwa juu ya maji. Mto Nyamwamba uliingia majumbani mwa watu Mei 2013, ukarudi Mei 2020. Kipindupindu kimezuka kwetu zaidi ya mara moja. Juni 2019 Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo, mtoto wa miaka 5 aliyelazwa Bwera ndiye wa kwanza kuthibitishwa Uganda katika mlipuko ule, na kwa miezi kila mlango ulikuwa na ndoo ya kunawia mikono. Ndoo tuliziona vizuri. Maji yanayodondoka chini ya ndoo hayakuzungumzwa sana.

Wakati huo kamati ilikuwa imeshakusanya mchango wa kujenga mahali papya pa kutawadhia, na rai ya wengi ilikuwa maji yote yaende kwenye shimo la choo, kwa bomba moja, ili gharama ipungue. Tuliporudi tulichora matangi matatu ubaoni mbele ya wazee. Shimo la choo likipokea maji ya udhu ya watoto 80 mara tano kwa siku litajaa kabla ya wakati wake, na yale maji yatausukuma uchafu ardhini kuelekea chemchemi. Yule mzee wa bondeni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono mabomba mawili, na ndiye aliyetupimia kwa hatua umbali wa kutoka choo kipya hadi chemchemi, akikataa chini ya mita 30.

Ujenzi umefikia nusu. Maji ya udhu yatapita kwenye mfereji hadi shimo la mawe lililozungukwa na migomba sita, na sabuni ya kufulia imepigwa marufuku hapo. Bomba la pili bado halijanunuliwa. Makopo ya kutawadhia yapo, yametundikwa kwenye misumari, kila moja na jina la mwenyewe, na wadogo wameshaanza kugombania lenye rangi ya kijani.