Jino la nyuma si la utoto

Sisi vijana tunaojitolea huku Nsambya na Katwe, wengi wetu tulianzia kambini Nakivale, tukipita nyumba kwa nyumba na habari za malaria na kunawa mikono. Mambo ya meno hakuna aliyetutuma. Lakini hapa Kampala unaingia chumba kimoja wanamolala watu sita, unakuta mtoto ameshika shavu, na mama anakujibu: "Aa, ni meno ya utoto hayo, si yataanguka tu?"

Hapo ndipo tunakaa chini na kuongea polepole. Mtoto akifika miaka 6 hivi, jino kubwa la kudumu linaota nyuma kabisa, na hakuna jino linalong'oka kulipisha. Kwa hiyo mama haoni mabadiliko, analihesabu pamoja na yale ya utoto. Likioza likang'olewa, basi, halioti tena. Na hata ya utoto, yale ya kutafunia, yanakaa mpaka miaka 10 au 12. Mtoto wa miaka 5 ukimwambia asubiri lianguke, atasubiri miaka mingine mitano akitafuna upande mmoja.

Adui ni sukari. Vijidudu vya mdomoni vinaila, vinatoa asidi, na asidi inatoboa jino. Sasa, hatuwezi kumwambia mama anayezungusha vitenge mjini toka asubuhi eti asimwachie mtoto pipi ya shilingi 100. Hiyo pipi ndiyo yaya wake. Tunachomuomba ni kidogo: chai ya sukari na mandazi viishe kwa mara moja, mtoto asizunguke na kikombe mpaka jioni. Akishapiga mswaki wa usiku, maji tu. Usiku mate yanapungua, na mate ndiyo yanayosaidia kuosha ile asidi.

Dawa ya meno (huku zote tunaziita Colgate, hata kama siyo) iwe na floridi. Chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia 3, kama punje ya njegere. Ateme tu, asisukutue. Na mtu mkubwa amsaidie, maana mtoto wa miaka 5 anasugua yale ya kuchekea peke yake.

Nyumba nyingi mswaki ni mmoja, wa baba. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, mkigawa sabuni muongeze mswaki mdogo. Ule wa mtu mzima haufiki vizuri kule nyuma linakoota jino la miaka 6.