Percy Julian na Haragwe la Kiapo

Miongoni mwa wahadhiri wa kemia, wapo wanaoridhika kufundisha yaliyogunduliwa na wengine, na wapo watafiti wanaoyahesabu masaa ya darasani kuwa hasara tupu. Percy Lavon Julian hakuwa wa kundi lolote kati ya hayo. Kuanzia mwaka wa 1932, alipofundisha katika Chuo Kikuu cha DePauw, jimboni Indiana, Marekani, maabara ya kufundishia ndiyo iliyokuwa maabara yake ya utafiti. Vijana wa mwaka wa mwisho, ambao hawakuwa na shahada hata moja, walitafiti chini yake, na majina ya baadhi yao yakachapishwa kando ya lake katika majarida ya kemia.

Shauku yake ilikuwa haragwe. Haragwe hili ni la Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo, ambako washukiwa wa uchawi walilishwa: aliyetapika akapona hakuwa na hatia, na aliyekufa kesi yake ilikwisha papo hapo. (Waswahili wa kale nao waliyajua majaribio ya namna hii, na neno lao lilikuwa kiapo.) Ajabu ni kwamba sumu iyo hiyo, fisostigmini, ikitiwa jichoni kwa kipimo kidogo hubana mboni na kupunguza shinikizo ndani ya jicho. Ndiyo sababu tangu karne ya 19 madaktari waliitumia kutibu glakoma, maradhi yapofushayo. Kufikia 1925 wanakemia walikuwa wamekwisha kuubainisha muundo wake. Kuiunda maabarani lilikuwa jambo jingine kabisa.

Aliyekuwa mbele katika mbio hizo ni Robert Robinson wa Oxford, gwiji ambaye baadaye, 1947, alituzwa Nobel. Alikuwa ametangaza kwamba ameunda eseretholi, kitu ambacho kikishapatikana, fisostigmini haiko mbali. Julian na rafiki yake Josef Pikl, waliyejuana Vienna ambako Julian alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1931, walikuwa na eseretholi yao. Haikufanana na ile ya Robinson. Basi mmoja wao alikuwa amekosea, na kama ni Julian, Mwamerika Mweusi, mjukuu wa mtumwa, asiye na cheo cha kudumu, nani angempa maabara tena? Hata hivyo alichapisha waziwazi kwamba Robinson ndiye aliyekosea.

Hukumu ilitolewa na kipimajoto. Kila mwanafunzi anayeanza kemia hufundishwa kwamba kitu safi huyeyuka katika kiwango chake mahususi cha joto, na kikichanganyika na kingine huyeyuka mapema na kwa kusitasita. Julian alikilinganisha alichokiunda na kile kilichotokana na haragwe lenyewe. Viwango vikalingana. Huo ulikuwa mwaka wa 1935, na hoja iliyomshinda bingwa wa Oxford ilikuwa somo la mwaka wa kwanza.

Chuo hakikumpa uprofesa. Rangi yake ilikuwa kikwazo. Mwaka wa 1936 aliondoka kwenda kutafiti soya katika kampuni moja ya Chicago. Katika mafuta ya haragwe la Calabar alikuwa ameona fuwele za stigmasteroli. Dutu hiyo alikuja kuipata kwa wingi katika soya, akaunda kwayo projesteroni. Alifariki 1975. Miaka mitano baadaye, DePauw ikaliita jengo lake la sayansi na hisabati kwa jina la Julian.