Sikukuu ya Bia ya Wadachi na Mabati ya Kigango

Ndugu msomaji, huenda mwanao aliyeko mjini amekwisha kukueleza habari za Oktoberfest. Hapa parokiani jina hilo lilifika kwa barua. Vijana wetu wafanyao kazi Iringa na Mbeya waliiandikia halmashauri wakitaka tufanye sikukuu ya namna hiyo mwezi wa Oktoba, ili ipatikane fedha ya mabati ya kigango. Wazee wakaniuliza, “Mwalimu, jambo hili ni kitu gani hasa?” (Nilisomea ualimu kabla ya ukarani, na jina halijaniacha.) Basi niliyowaambia wao nakuambia na wewe.

Sikukuu hiyo ilianza kwa harusi. Tarehe 12 Oktoba 1810, Ludwig, mwana wa mfalme wa Bavaria huko Ujerumani, alimwoa binti mfalme aitwaye Therese. Watu wa mji wa Munich walialikwa kushangilia, na shangwe ikamalizika kwa mashindano ya farasi katika uwanja wa majani nje ya mji. Uwanja ukapewa jina la bibi arusi, Theresienwiese, na hata leo sikukuu hufanyika papo hapo. Mwaka wa 1811 yaliongezwa maonyesho ya kilimo. Bia ilikuja kutawala baadaye. Na usishangae kusikia kwamba siku hizi huanza Septemba: Oktoba kwao ni baridi.

Sasa tazama jinsi Wadachi walivyoizungushia ua. Bia inayouzwa ni ya viwanda vya Munich tu. Meya ndiye afunguaye pipa la kwanza, saa sita mchana, na kabla yake hakuna anywaye. Usiku ukifika, saa ya kuacha kuuza imewekwa. Baada ya siku kumi na sita au zaidi kidogo, mahema hushushwa na watu hurudi kazini. Wala sisemi kwamba Wadachi ni malaika. Kikombe chao kimoja ni lita nzima, na walevi huokotwa huko kama kwetu. Lakini wajua kusimamisha. Mwaka wa 1854 na wa 1873 waliifuta kwa sababu ya kipindupindu, na mwaka wa 2020 na 2021 kwa sababu ya korona.

Ikisafiri nchi za mbali, mara nyingi bia hufika na ua hubaki nyuma. Kwa majirani zetu wa Kenya, Oktobafest ya Nairobi ni ya kampuni ya bia, pamoja na muziki na tiketi. Ni biashara halali, lakini haina harusi wala mavuno ya mtu yeyote. Mji wa Blumenau huko Brazil, ulioanzishwa na Wajerumani, una habari nyingine. Mto wao ulifurika mwaka wa 1983, ukafurika tena 1984, na Oktoba ya mwaka huo wa pili wakaanza sikukuu yao, ili mji uinuke tena. Hapo vijana wetu walipiga makofi, maana nao wana paa la kuinua.

Watu wa Bavaria si wageni kwetu. Wamisionari Wabenediktini waliofungua Tosamaganga, karibu na Iringa, kabla ya mwaka 1900, walitoka Mtakatifu Ottilien, monasteri iliyo Bavaria hiyo hiyo. Nasi tulikuwa na vinywaji vyetu vyenye majira. Ulanzi hutoka masika tu, mwanzi mchanga unapokatwa ncha na kuchongwa asubuhi na jioni, na maji yake kukingwa katika mbeta. Ukiwa mpya ni mtamu, hata mtoto hupewa; ukilala huwa mkangafu, na huo humlaza mtu njiani. Upande wa Mbeya wana kimpumu cha ulezi. Parokia yetu iko kando ya barabara kuu kati ya miji hiyo miwili, kwa hiyo tumejaliwa vyote.

Shida ni kilabu kisichofungwa. Mimi ndimi niandikaye stakabadhi za zaka, na mwezi wa Machi, ulanzi ukiwa mwingi, naandika chache. Tena kuna mama mmoja alipaye zaka na madaftari ya watoto kwa fedha ya ulanzi anaouza, huku mumewe akiimaliza fedha ya mahindi kwa jirani auzaye ulanzi huo huo. Mama huyo nimwambie nini? Aache kuuza?

Nilishauri tusifanye Oktoba. Ni mwezi wa Rozari, ghala zimepungua, na watu wanatayarisha mashamba. Tufanye Julai, mahindi yakiwa ndani, kuwe na ngoma, mpira na mnada wa mazao. Vijana walinuna: pasipo pombe nani atakuja? Mzee mmoja akasema, “Wanangu, pombe iwepo, lakini pipa moja.” Lifunguliwe na mwenyekiti baada ya Misa, saa sita, saa kumi na moja lifungwe, hata likiwa halijaisha, na asikopeshwe mtu. Hilo limepita, kwa kura tisa dhidi ya nne.

Mabati yanayotakiwa ni arobaini na mawili. Kimpumu atapika yule mama.