NILIVYOMKATA KUCHA MBWA WA MAMA MWENYE NYUMBA, DAMU IKAGOMA KUKATA!

Leo siwaletei ya mastaa, nawaletea ya kwangu mwenyewe, na naomba msinicheke.

Mama mwenye nyumba wangu alisafiri kwenda msibani siku nne. Kipindi hicho nadaiwa kodi ya miezi miwili, kwahiyo aliponiambia "mwanangu niangalizie Simba", nikampa shikamoo ya pili hapo hapo. Simba ni mbwa wake, anampenda kuliko wapangaji wote tukijumlishwa.

Siku ya pili nikaona kucha zake ndefu, akitembea kwenye sakafu zinagonga ka-ka-ka. Nikasema ngoja nijipendekeze, mama akirudi akute mbwa kapendeza. Nikachukua kikata kucha changu. Kucha ya kwanza freshi. Ya pili freshi. Ya tatu Simba akapiga kelele mtaa mzima ukasikia, damu ikaanza kuchuruzika.

Kumbe ndani ya kucha ya mbwa kuna nyama yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kucha ikiwa nyeupe unaiona, ina rangi ya pinki. Za Simba ni nyeusi tii, mimi nikakata tu kama nakata zangu.

Nikakimbilia panadol nimpe. Bahati nzuri nikampigia kwanza mshkaji wangu anayefuga mbwa. Akanifokea: "We unataka kumuua? Dawa za maumivu za watu mbwa hapewi!"

Akanielekeza. Nimfunge mdomo kwa kitambaa kwa muda mfupi, nisikaze sana apumue, maana mbwa mwenye maumivu anang'ata hata anayempenda. Nikandamize kucha kwa kitambaa kisafi dakika tano bila kuchungulia. Ikiendelea, nichovye ncha ya kucha kwenye unga wa ngano mkavu, nikandamize tena. Ikifika nusu saa bado inatoka, ni daktari wa mifugo tu, hakuna ujanja.

Nilichungulia mara mbili, damu ikaanza upya mara mbili. Mara ya tatu nikaweka unga, nikatulia, macho kwenye saa. Ikakata.

Kesho yake nikaosha mguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, nikaukausha. Akitoka nje namvalisha soksi safi, akirudi naivua mguu upate hewa. Kila siku naangalia uvimbe, usaha na harufu. Havikuwepo. Ila kucha ikipasuka mpaka kwenye shina, usijifanye daktari kama mimi, mpeleke.

Sasa uongo nilishauandaa: "Mama, kanasa kwenye geti." Mama akafika, Simba akamrukia kwa furaha. Mimi niliposogea tu, akakunja ule mguu akaurudisha nyuma.

Mama akaniangalia. "Mwanangu, umemfanyaje?"

Uongo wote ukaniishia mdomoni. Nikasema ukweli, mpaka ile ya panadol.

Akanyamaza, akaingia ndani. Nikajua anakuja na notisi. Akatoka na mkasi maalum wa kucha za mbwa. "Unakata ncha tu, kidogo kidogo. Siku nyingine uliza."

Kodi bado nadaiwa. Na Simba mpaka leo akiniona ananificha mguu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kodi.

Wewe ungesema ukweli au ungesingizia geti? Tiririka hapo chini.