Koli Nusu, Koli Robo

Kaskazini mwa Uingereza kuna wazee wanaoweza kubishana usiku kucha, chai ikapoa mezani, kuhusu robo moja ya mbwa. Sitanii. Ubishi wenyewe ni huu: mbwa wa kuwindia achanganywe damu ya koli kiasi gani, nusu au robo? Mwaka niliokaa huko kwa masomo niliusikia ubishi huu kuliko nilivyosikia habari za siasa, na mwishowe na mimi nikawa na upande.

Tuelewane majina kwanza. Koli ni yule mbwa wa kuchungia kondoo, mara nyingi mweusi na mweupe, anayenyata tumbo chini na kuwakodolea kondoo macho mpaka wasogee wenyewe. Grehaundi ni mbwa wa mbio, mwembamba, miguu mirefu, akikolea anakaribia kilomita 70 kwa saa. Mmoja ana akili, mwingine ana kasi (wenye grehaundi watanuna, wanune tu). Ukiwapandisha hao wawili, au ukimpandisha grehaundi na mbwa mwingine wa kazi kama teria, unapata mbwa anayeitwa lacha. Huyo hana ukoo wa kuandikwa kitabuni. Ni chotara wa makusudi. Kwa muda mrefu alikuwa mbwa wa mtu asiye na ardhi: jangili wa kijijini, Jipsi wa barabarani, mchimba makaa anayetaka kitoweo bila bwana shamba kujua. Ndiyo maana lacha mzuri habweki akiwa kazini.

Sasa hesabu. Koli na grehaundi wakizaa, watoto ni nusu kwa nusu. Mmoja wa watoto hao akipandishwa tena na grehaundi, wanaozaliwa ni robo koli, robo tatu grehaundi. Basi. Ugomvi wote uko hapo.

Jirani yangu alikuwa mzee wa miaka 70 na ushei, aliyechimba makaa County Durham mpaka migodi ikafungwa. Wiki ya kwanza nilimwita "mista", akakasirika. Kwao jirani unamwita jina lake tu, hata kama ni rika la babu yako. Mimi nilishindwa. Tukakubaliana nimwite Mzee, baada ya kumweleza kwamba kwetu hilo si tusi. Alikuwa na majike wawili: Nell, koli nusu, na Dart, koli robo. Wote walikuwa na kimo cha kama sentimita 60 begani, wote walikula chakula kimoja na kulala banda moja. Ukiwaona wamejikunja mbele ya moto huwezi kuwatofautisha, isipokuwa manyoya: ya Nell mazito, mvua haipenyi, ya Dart mafupi, ngozi chini yake nyembamba kama karatasi.

Uwanjani ni wanyama wawili tofauti kabisa. Dart akiachiwa hupotea kama jiwe la kombeo. Sungura akiwa mita 80 mbele, Dart anamfikia. Nell hamfikii, na analijua hilo, kwa hiyo hata hamfukuzi nyuma. Anakata pembe kwenda shimoni. Sungura anakimbilia nyumbani kwake anamkuta Nell ameshafika, kama mwenye nyumba anayekusubiri mlangoni tarehe moja. Mara mbili tatu nilimwona akitazama sungura aliye karibu mno na michongoma, akapiga hesabu, akaketi. Mzee alisema hiyo ndiyo kasoro ya koli nusu: akishajua kazi, anakuchagulia kazi. Wengine hukasirika wakikaripiwa, wakagoma usiku mzima. Wengine, wakiona kondoo, damu ya mama inawaamka na wanaanza kuwazunguka, na kule mwenye kondoo akikuta mbwa anasumbua mifugo yake anaweza kumpiga risasi na sheria ikawa upande wake. Kwa hiyo lacha wa koli hufunzwa kwa kondoo kabla ya kuonyeshwa sungura.

Halafu kuna suala la uzao. Watoto wa nusu kwa nusu hufanana sana, mzazi mmoja koli, mwingine grehaundi, unajua takriban unachopata. Wa robo ni bahati nasibu: katika tumbo moja huyu anatoka karibu grehaundi mtupu, yule amebakiwa na akili ya bibi yake. Dart alikuwa mzuri wa miguu. Masikio alinyimwa.

Nimefika kwenye masikio, na kwangu ndipo hoja ilipo.

Kiswahili chetu kina neno moja, sungura. Kule wanyama ni wawili, na mpaka kati yao ni wa kisheria. Kuna sungura wa mashimo, mdogo, anayeishi kwa makundi chini ya ardhi na kuzaa watoto vipofu wasio na manyoya. Na kuna sungura wa uwandani, mkubwa, masikio marefu yenye ncha nyeusi, asiyechimba shimo kabisa; watoto wake wanazaliwa na manyoya, macho wazi. (Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja wa kumhadaa fisi, ni ndugu wa huyu wa pili.) Sheria ya Uwindaji ya 2004, iliyoanza kutumika England na Wales tarehe 18 Februari 2005, ilipiga marufuku kuwinda wanyama pori kwa mbwa, ikaacha milango michache. Mlango mmoja ni sungura wa mashimo, ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi. Ana sababu ya kukupa: wanamla ngano, na tangu 1954 kuna sheria inayomtaka awadhibiti. Sungura wa uwandani hana mlango huo. Mwaka uleule wa 2005 ndio yalifanyika kwa mara ya mwisho mashindano ya Waterloo Cup, ya kushindanisha mbwa nyuma ya sungura hao, yaliyoanza 1836. Siku hizi wanaoendelea ni magenge yanayovamia mashamba na kucheza kamari, na tangu 2022 mtu wa namna hiyo anaweza kufungwa hadi miezi sita na kuzuiwa na mahakama kufuga mbwa.

Sasa nenda kamweleze mbwa.

Mzee aliwinda kwa taa, usiku wa giza na upepo, kwenye shamba alilokuwa na barua ya ruhusa. Mimi nilibeba mfuko. Usiku mmoja wa Novemba Dart aliachiwa nyuma ya sungura wa mashimo. Katikati ya njia akaibuka sungura wa uwandani kutoka kwenye majani. Dart akabadili. Mzee akazima taa, akapiga mluzi mara moja, mara mbili, mara tano. Tulisikia seng'enge ikilia mbali, upande wa shamba ambalo hatukuwa na ruhusa nalo. Tulisimama gizani dakika 40. Kweli, sheria inatazama kusudio, na Mzee hakukusudia. Lakini mzee mwenye taa mkononi, mbwa wake yuko kwa jirani, askari akitokea anamwonyeshaje kusudio lake? Barua ya ruhusa ilikuwa mfukoni na ingeweza kuchukuliwa kesho yake, na hakuwa na nyingine. Hakusema neno. Dart alirudi ngozi ya kifua inaning'inia, akashonwa asubuhi.

Wiki mbili baadaye, uwanja uleule, ilikuwa zamu ya Nell. Jambo lilelile: mdogo mbele, mkubwa akaibuka. Nell alikwenda hatua kama 20. Mluzi mmoja. Akakata kona, akarudi akasimama kando ya goti la Mzee, akihema, anamtazama kana kwamba anauliza, "una hakika?" Mle mfukoni tulikuwa na sungura wanne tu usiku ule. Dart angetuletea kumi. Mimi ninge­mchagua Nell kila siku.

Kilichonigusa ni kwamba nilikuwa nimeshasoma habari za Nell kabla ya kumwona. Chuoni, yaani chuo cha Qur'ani, Unguja, mwalimu alitufundisha kwamba alichokamata mbwa kinaliwa ikiwa mbwa amefunzwa. Msingi wake ni aya ya 4 ya Suratul Maida. Na aliyefunzwa ni nani? Ukimtuma aende, ukimzuia azuilike, akikamata asile, na hayo yajirudie mpaka ijulikane si bahati. Tulihifadhi masharti hayo bila kuwahi kumwona mbwa wa namna hiyo. Mbwa niliowajua ni wa wasasi wetu wanaoingia msituni kwa kundi, watu wanapiga kelele, mbwa wanabweka, nguruwe atoke kichakani. Ukimwita mmoja mmoja katika vurumai ile unapoteza sauti yako bure.

Nilipomtafsiria Mzee masharti yale alinyamaza, akauliza ni watu gani walioandika hivyo. Akasema la kwanza kila mbwa analo. La tatu unalipata ukimfunza mapema kuleta kitu bila kukiuma. La pili, alisema, huliweki kwa fimbo, unalinunua pamoja na mama yake. Nell alikuwa analeta sungura mzima, mzima wa afya, mdomo laini kabisa, kwa hiyo niliweza kuchinja mwenyewe. Palipoguswa na mate nilipaosha mara saba, moja kwa udongo, Mzee ananitazama kama niko maabara. Yule sungura tulimpika kwa nazi ya kopo. Si mbaya.

Masika ya kule yalipofika alitaka kupandisha mara ya mwisho; magoti yake yalikuwa yameshachoka na alijua mtoto atakayebaki naye ndiye wa kumzeesha. Marafiki zake walimshauri amtumie Dart kwa grehaundi, maana mbwa wenye kasi ndio wenye soko. Alimpandisha Nell, kwa dume ambaye naye ni koli nusu, akakagua kwanza asiwe na madoa ya kijivu kama ya Nell, kwa sababu wazazi wawili wenye rangi hiyo wanaweza kuzaa viziwi. Walizaliwa saba. Alijua hawatafanana, akasema atawasikiliza mmoja mmoja.

Kwenye simu alikuwa na utaratibu wake. Mtu akipiga na swali lake la kwanza likawa mama yao anakimbia kiasi gani, anajibiwa watoto wamekwisha. Nilipoondoka alikuwa amebakiwa na wanne.