STAA ALINITUMA NIMNUNULIE KIPIMA UMBALI CHA GOFU, NIKALA CHA JUU... KILICHONIKUTA SIJASAHAU

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo ubuyu ni wa kwangu mwenyewe, na kiukweli nimekaa nao muda mrefu naona aibu kuuandika. Ila wengi mmekuwa mkiniuliza DM kuhusu hivi vidude vya leza ambavyo siku hizi mastaa na mabosi wanapiga navyo picha viwanja vya gofu. Basi nitawajibu, lakini stori nzima, pamoja na sehemu inayoniumbua.

Kwa msiojua, mimi nilivyomaliza kidato cha nne matokeo hayakuwa ya kujisifia. Mjomba wangu ni kedi, anabeba mabegi ya fimbo za gofu kwenye klabu moja hapa Dar, kazi anayoifanya tangu mimi sijazaliwa. Akanichukua, nikabeba begi miaka miwili kabla sijaanza kublog. Kwa hiyo gofu sijaisoma kwenye simu. Nimeitembea kwa miguu, jua linawaka, begi linanikata bega.

Sasa kuna msanii mmoja mkubwa, jina nalihifadhi, msijisumbue kubahatisha. Jamaa aliingia kwenye gofu kwa sababu ya madili, maana si mnajua mabosi wengi wanamaliza mambo yao uwanjani na siyo ofisini. Mjomba ndo alikuwa kedi wake. Siku moja akanipigia.

"Dogo, nataka kale kadude ka kupimia umbali, kadogo ka kuweka mfukoni. Wewe unaijua gofu na Kariakoo unaijua. Nakutumia laki tisa."

Hela ikaingia kwenye simu dakika hiyo hiyo. Laki tisa! Na mimi kipindi hicho nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu, mwenye nyumba kila asubuhi anagonga mlango kama polisi.

Nikaenda Kariakoo. Duka la kwanza wakanitajia bei ya juu. La pili hivyo hivyo. La tatu nikakutana na kidude cheusi kizuri, kidogo kuliko kiganja, boksi limeandikwa mita 1,000 kwa maandishi makubwa. Laki mbili na themanini. Nikajisemea, vile vya bei mbaya vinaishia mita mia sita, hiki kinafika elfu moja, sasa si ndo bora zaidi? Sikuuliza swali hata moja. Nikalipa, nikabaki na laki sita na ishirini. Kodi ikalipwa. Staa nikamwambia, "Bro, imetosha kabisa, hata chenji haijabaki."

Hapo ndo nilipojichimbia shimo.

Wiki iliyofuata jamaa alikuwa na mechi na mabosi wa kampuni moja iliyokuwa inataka kumfanya balozi wake. Nilienda nikapige picha za mtandaoni. Tukafika shimo moja fupi, lile unalopiga mpira moja kwa moja kwenda kwenye grini, na nyuma ya bendera kuna mstari wa miashoki mirefu. Mjomba akaangalia bendera, akaangalia majani yanavyocheza, akasema kwa sauti yake ya chini, "Hapa ni mia thelathini na mbili, bosi. Chukua namba nane."

Staa akatoa kidude chake mfukoni, akakiweka jichoni, akabonyeza. Akacheka.

"Mzee, mia hamsini na nane hii. Macho yamechoka hayo."

Mabosi wakacheka. Mjomba hakujibu, akamkabidhi tu fimbo aliyoiomba, namba sita. Na jamaa aliupiga mpira vizuri, huo ndo uchungu wenyewe. Ulipaa juu ya grini, juu ya bendera, ukaingia kwenye miashoki na haukuonekana tena. Mashimo mawili mbele ikatokea tena, bendera ina miti nyuma, mashine ikataja namba kubwa, mpira ukapotea. Mabosi hawakucheka tena. Wakaanza kumuonea huruma, na huruma kwa staa ni mbaya kuliko kicheko.

Cha ajabu jamaa hakuilaumu mashine. Alimlaumu Mjomba kwamba anamchanganya kwa kumtajia namba zake. Mwisho wa raundi akamwambia hapo hapo mbele yangu, "Mzee, wiki ijayo pumzika, nitachukua kedi kijana." Mjomba akasema, "Sawa bosi," akaenda kufuta fimbo kama kawaida yake. Mimi nilikuwa nimeshika kamera, sikusema neno.

Usiku sikulala. Nilikiomba kile kidude kwa staa, nikamdanganya nakwenda kukisafisha lenzi. Asubuhi nikatoka nacho nje ya geti. Mtaani kwetu kuna nguzo ya umeme, na mbali nyuma yake kuna ukuta wa shule. Nikalenga nguzo, nikabonyeza, nikapata 88. Nikaenda mpaka kwenye nguzo nikihesabu hatua, hata hamsini hazikufika. Nikarudi nikalenga tena, 88 ile ile. Kumbe kilikuwa hakioni nguzo kabisa, kilikuwa kinapima ukuta!

Nikashika boksi, kwa mara ya kwanza nikasoma maandishi madogo. Kilikuwa kidude cha wawindaji.

Hapa wadau ndo somo lenyewe, tulieni. Hivi vidude vyote vinafanya kazi kwa namna moja. Kinarusha mwanga wa leza ambao macho hayauoni, mwanga unagonga kitu, unarudi, na mashine inahesabu muda uliotumika. Mwanga unakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo hesabu inaisha kabla hujapepesa jicho. Shida ni kwamba ukilenga bendera, mwanga mwingine unagonga bendera na mwingine unapita pembeni unagonga miti ya nyuma. Yanarudi majibu mawili. Mashine ikupe lipi?

Cha mwindaji kimetengenezwa kukupa jibu la mbali, kwa sababu mwindaji yuko kichakani, majani yako karibu na mnyama yuko nyuma yake. Cha gofu kinakupa jibu la karibu, kwa sababu bendera iko mbele na miti iko nyuma. Kampuni kama Nikon inatengeneza vya aina zote mbili, na kwa umbo ukiviweka mezani unaweza kudhani ni ndugu. Kwa hiyo kile kidude nilichonunua hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri kabisa, ila mahali siyo. Mbovu nilikuwa mimi.

Na ile mita 1,000? Hiyo ni kwa kitu kikubwa kinachong'aa, mfano ukuta wa jengo. Kitambaa cha bendera hakirudishi mwanga namna hiyo, umbali unapungua sana. Na hata hivyo, nani kati yetu anapiga mpira mita elfu moja? Ukiwa unapima bendera kwenye mita 250 bila kusumbuka, umemaliza. Namba kubwa kwenye boksi ilinila mimi, isikule na wewe.

Nilimpigia Mjomba kwanza. Nikamwambia kila kitu, mpaka habari ya kodi. Akanyamaza, nikadhani simu imekata. Halafu akasema, "Mjomba, mimi umri huu kuambiwa sioni siyo shida. Shida ni kwamba ulikuwa unajua nani kanunua, ukanyamaza." Hakuongeza neno.

Basi nikaenda kwa staa. Nikakiweka kidude mezani.

"Dogo, kilikuwa bei gani?"

"Laki mbili na themanini, kaka."

Akaniangalia muda mrefu. Hakutukana, bora angetukana. Akasema, "Utanirudishia, hata kama ni kidogo kidogo. Na utakwenda tena kununua, ila safari hii hela nampa mzee. Na mimi mwenyewe nitampigia nimwombe radhi."

Ndo tukaingia Kariakoo, mimi na Mjomba, yeye kavaa kofia yake ya klabu. Nilichojifunza siku hiyo kwa kumwangalia mzee tu, kinazidi video zote nilizowahi kutazama.

Kwanza, alikataa kununua ndani ya duka. Alimwambia muuzaji, "Tutoke nje." Wakatoka mpaka barabarani, akalenga nguzo yenye ghorofa nyuma. Kikisoma ghorofa, anarudisha. Kikisoma nguzo na kutetemeka kidogo mkononi, anakiweka pembeni. Ule mtetemo ndo unakwambia umeipata bendera na siyo mti. Wewe kama una uwanja wa riadha karibu ni rahisi zaidi, ile njia ya mita 100 imeshapimwa tayari. Mshkaji asimame mwisho na fimbo, wewe mwanzo, uone mashine itasema nini.

Pili, aliuliza mita au yadi. Yadi 150 ni kama mita 137. Kadi ya uwanja ikiwa kwa mita na mashine iko kwenye yadi, unakosea fimbo nzima na utalaumu mikono yako bure. Hakikisha kinabadilika, na ujue kitufe kiko wapi.

Tatu, udogo. Sisi wote tunapenda kadogo, kuna vya gramu 130 hivi, vyepesi kuliko simu yako. Lakini vingi vinakuza picha mara sita, maana yake na mtetemo wa mkono unakuzwa mara sita. Kikiwa chepesi sana bendera inacheza kama kuku aliyekatwa kichwa. Mjomba akanionyesha, bana viwiko kifuani, mkono wa pili ushike ukingo wa kofia, pumua, bonyeza. Na lenzi ndogo inaingiza mwanga kidogo, kwa hiyo kama unacheza jioni baada ya kazi, kajaribu jioni. Angalia na rangi ya namba ndani. Namba nyeusi zikikutana na miti myeusi huoni kitu, nyekundu zinaonekana.

Nne, betri. Vingi vinatumia betri fupi nene inaitwa CR2. Hiyo kwa Mangi hupati, mtatafutana mjini. Vipo vya kuchaji kwa waya kama simu. Chagua kwa kuangalia unaishi wapi.

Tano, mlima na bonde. Vingine vinakuhesabia mwinuko, mfano bendera iko juu, kinakwambia piga kama mita kumi zaidi. Nzuri kwa mazoezi. Lakini kwenye mashindano, tangu sheria za 2019, kupima umbali kunaruhusiwa isipokuwa waandaaji wakataze, ila mwinuko hairuhusiwi. Ukitumia mara ya kwanza ni adhabu ya mipigo miwili, ukirudia unatolewa. Kwa hiyo kama unakitaka cha hivyo, kiwe na swichi ya kuzima inayoonekana kwa nje, wenzako wasikushuku.

Tulipata kimoja kwa laki sita na arobaini. Chapa sitaji, sijalipwa na mtu. Nilipiga hesabu kichwani nikataka kulia. Ile laki tisa ya mwanzo ingetosha, na ingebaki laki mbili na sitini. Ningemwambia tu jamaa ukweli kwamba nina shida ya kodi, nina uhakika angenipa.

Cha wawindaji nilimuuzia jamaa mmoja wa utalii wa uwindaji kwa laki mbili, anakipenda kweli. Hela yote nikapeleka kwa staa. Iliyobaki namlipa kila mwezi, na bado sijamaliza.

Juzi nilienda tena uwanjani. Shimo lile lile la miashoki. Mjomba akasema, "Mia thelathini na moja leo, wamesogeza bendera." Staa akapima, akasoma, akamwangalia mzee, akatikisa kichwa. Mia thelathini na moja.

"Haya niambie mzee, namba nane?"

"Namba saba. Kusi linakuja usoni."

Maana upepo kile kidude hakipimi. Mpira ukatua kwenye grini, mbali kidogo na bendera, lakini kwenye grini. Mjomba akafuta fimbo, akairudisha kwenye begi. Kwangu hakuniangalia. Ila tulipokuwa tunaondoka aliniambia, "Beba begi hilo mpaka kwenye gari, Mjomba." Nikabeba.

Wadau, wewe ungekiri au ungekula jiwe? Na wenye vidude vya hivi, vinasoma bendera au miti? Dondosha komenti hapo chini, nazisoma zote.