SAFARI YETU YA MTO PANGANI



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, wasomaji wapenzi, tungependa kuwasimulia safari yetu ya masomo ya kwenda Pangani.

Tuliondoka Tanga baada ya Sala ya Alfajiri, tukiwa na masufuria ya wali, maandazi na chupa za chai. Tulipofika tulimkuta nahodha akisubiri maji yajae. Tulisoma dua ya kupanda chombo, mashua ikang'oa nanga.

Mto Pangani hupokea maji ya milima ya Kilimanjaro na Meru, ukasafiri takriban kilometa 500 mpaka Bahari ya Hindi. Tulipita kwenye mikoko, kisha tukaona minazi pande zote mbili. Wadogo walihesabu ndege, wengine wakatafuta mamba. Tulipokuwa tukinywa chai, nahodha akatuuliza, "Sukari imekolea, wanangu?" Tukamjibu imekolea. Akasema, "Basi kingo hizi zamani zilikuwa mashamba ya miwa. Sukari ya Pangani ilikuwa na jina, na waliokata miwa hiyo walikuwa watumwa." Tukanyamaza kidogo.

Baada ya kurudi bandarini, mzee mmoja wa mjini alitutembeza kwa miguu. Tuliona majumba ya zamani yenye milango ya nakshi, na Boma ambalo Wajerumani walilifanya ofisi ya utawala wao. Alitueleza kuwa mwezi Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilikuja kupandisha bendera yake hapa, na watu wa Pangani wakakataa. Aliyewaongoza ni Bushiri bin Salim, ambaye vita vyake vilienea pwani nzima. Alikamatwa, akanyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Tulimwombea rehema, na kwa kweli tulijiona wakubwa kwa kuwa shujaa huyo alikuwa Muislamu mwenzetu.

Ndipo mwenzetu mmoja, mdogo kuliko sote, akauliza: "Babu, na yale mashamba ya miwa yalikuwa ya nani?"

Mzee hakukwepa. Akasema, "Mengi yalikuwa ya Waislamu, mjukuu wangu. Hata Bushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa na watumwa."

Baadhi yetu tulikasirika, tukaona swali lile limetuharibia safari. Wengine tuliinamisha vichwa, kwa kuwa katika koo zetu wamo waliomiliki na wamo waliomilikiwa. Ustadhi alitukalisha kivulini. Alitukumbusha Surat al-Balad, inayotaja kumwacha huru mtumwa kuwa ni katika njia ngumu ya wema, na kisa cha Sayyidna Bilal (R.A.), aliyekombolewa na Sayyidna Abubakar (R.A.). Akasema, "Mafundisho haya waliyajua, lakini faida ikawavuta. Bushiri alipigania nchi yake, hilo tumpe haki yake. Watumwa wake nao wana haki yao, nayo ni kusema kweli juu yao. Msifiche dhambi kwa sababu mwenye kuitenda ana jina kama lenu."

Tuliswali Adhuhuri katika msikiti wa mji. Baada ya sala Ustadhi aliomba dua kwa ajili ya Bushiri na kwa ajili ya wale waliokata miwa, ambao majina yao hatuyajui. Tuliitikia amin kwa sauti moja, hata wale tuliokuwa tumekasirika.

Wazazi wetu, tunakuombeni mtusimulie habari za wazee wetu zote, njema na mbaya. Nasi wanafunzi tusione haya kuuliza, kwani swali la mdogo wetu ndilo lililotufunza zaidi siku ile.

Wabillahi tawfiq.